Maswali mnayoniuliza kuhusu sura ninazochora

Nachora sura za watu kwa rangi za mafuta, hapa Lubumbashi, katika chumba chenye dirisha moja kubwa upande wa Kamalondo. Kila wiki naulizwa mambo yale yale: na wanaotaka kuchorwa, na wanafunzi, na majirani wanaosimama mlangoni wakinitazama nikichanganya rangi. Maswali nimeyaandika kama mnavyoyauliza, na majibu kama ninavyoyatoa nikiwa na nafasi.

Unachora watu gani?

Yeyote anayekubali kukaa. Nimemchora mwalimu mstaafu, fundi cherehani, mama anayeuza samaki wakavu, kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Kolwezi na kucha zake zimepasuka. Wakubwa wakija nawachora pia, sina ugomvi nao. Lakini kilichonifanya nishike kazi hii ni kwamba watu wengi wa mji huu huishi na kufa bila mtu yeyote kuwatazama kwa saa nzima mfululizo bila kuwadai kitu. Naona hilo ni deni, na nalilipa kadiri ninavyoweza.

Kwa nini hukubali kuchora kutoka kwenye picha ya simu?

Kwa sababu simu imekwisha kuamua kabla yangu. Lenzi yake ni pana, na watu huishika karibu na uso, kwa hiyo pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Kisha programu iliyomo ndani hulainisha ngozi, huinua vivuli, na kumpa kila mtu mwanga ambao haukuwapo chumbani. Nikinakili hiyo, nitakuwa nimemchora mtu aliyetungwa na simu.

Ngozi yetu ina historia yake na kamera. Kwa miaka mingi maabara za fotografia zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Yeye akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi alitoka meno na macho tu. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado hukisia, na sioni sababu ya kukisia wakati mwenye uso anaweza kuja kukaa kwenye kiti changu.

Tena kuna muda. Mtu akiingia huwa amevaa uso wa picha: kidevu juu, midomo imebanwa. Baada ya nusu saa shingo huchoka, bega moja hushuka, mdomo hurudi mahali pake pa kila siku. Hapo ndipo kazi inapoanza. Yaliyotangulia mara nyingi nayafuta kwa kitambaa.

Na kama mtu amekwisha kufariki?

Nakubali, kwa masharti. Niletewe fotografia kadhaa, maana ile moja ya kadi ya uchaguzi, ikikuzwa, haibaki na uso. Na aje ndugu wa damu anayefanana na marehemu, akae, nione mfupa wa shavu katika ukoo ule unavyoshika mwanga. Nyuma ya turubai naandika kwamba sura hii imetoka kwenye fotografia, ili wajukuu wasije wakadhani nilimwona.

Desturi hii ni ya zamani hapa kwetu. Patrice Lumumba aliuawa nje kidogo ya mji huu tarehe 17 Januari 1961, na wachoraji wetu hawajaacha kumchora tangu hapo. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alimchora mara nyingi, kwenye turubai za magunia ya unga, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliiweza. Watu walizitundika sebuleni. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha karibu mia moja za historia ya nchi yetu, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akayahifadhi maelezo aliyoyatoa mwenyewe kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba akatoweka. Hakuwa mchoraji wa uhalisia kwa maana yangu, yaani wa kumchora mtu kama jicho linavyomwona, ila kuhusu kukumbuka watu sijamwona wa kumzidi.

Unaweza kunifanya mweupe kidogo?

Hapana.

Nalisema kwa upole, kwa sababu najua ombi hili linatoka wapi. Sabuni na krimu za kujichubua zinauzwa sokoni kama kitu cha kawaida, na binti anaambiwa tangu utotoni kwamba dada yake mweupe ndiye mzuri. Nikikubali kukupunguzia weusi kwenye turubai, nitakuwa nimekuambia mbele ya familia yako yote kwamba nami nakubaliana na hao. Picha itakaa ukutani miaka mingi, na watoto wako wataitazama kila siku. Sitaki kuwafundisha hilo.

Mikunjo pia siiondoi, wala kovu, isipokuwa mwenye kovu ananiambia kwamba kuliona kunamuumiza. Hapo tunazungumza, tunageuza kiti, tunatafuta upande mwingine wa mwanga.

Basi ngozi nyeusi unaichanganya vipi?

Wanafunzi hudhani ni kahawia, kisha nyeusi kwa ajili ya kivuli na nyeupe kwa ajili ya mwanga. Ukifanya hivyo unapata uso wa majivu, maana nyeupe ya titani hupoza rangi na kuipa uchokaa. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huonekana zaidi kuliko kwenye ngozi nyeupe, na mng'ao hubeba rangi ya kitu kilicho jirani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ngozi ina rangi gani, uliza imezungukwa na nini.

Chukua yule mama wa samaki. Paji lake lilielekea dirishani, na juu kidogo ya nyusi ya kushoto palikuwa na doa la bluu ya kijivu, baridi kabisa. Lile lilikuwa anga, limetua pale. Niliweka ultramarini na nyeupe, nikaongeza kidogo okra ya manjano, ambayo ni rangi ya udongo, ili bluu isipige kelele. Chini yake shavu lilikuwa jekundu la matofali, sieni ya kuchomwa, rangi nyingine ya udongo, karibu peke yake. Kwenye pembe ya taya, mahali nilipotarajia giza, palikuwa na manjano. Alikuwa amejifunga kikwembe cha manjano kifuani, na mwanga uliopiga kitambaa ulirudi juu mpaka chini ya kidevu. Kivuli cha shingo kilikuwa cha zambarau. Nyeusi ya tyubu sikuitumia popote usoni, hata kwenye mboni za macho.

Kanuni niliyoishika ni hii: mwanga ukiwa baridi, kama wa dirishani, vivuli hutafuta joto. Ukimchora mtu yule yule usiku chini ya taa ya manjano, mambo hugeuka, na itakubidi uanze upya kuchanganya.

Mbona nikisogea karibu naona mabaka tu?

Kwa sababu ni mabaka. Sifuati wale wanaochora kila kinyweleo mpaka turubai lionekane limechapishwa. Ustadi wao ni mkubwa, ila mimi nikitazama kazi hizo najikuta nahesabu vinyweleo na kumsahau mtu. Naweka pigo la brashi, naliacha. Rudi nyuma hatua nne, macho yako yataunganisha. Kuna sehemu naziacha zimelegea kwa makusudi, kama ukingo wa nywele na bega lililo gizani, ili jicho lisikawie huko bali lirudi machoni na mikononi.

Mikono naichukulia kwa uzito ule ule wa uso. Mtu hujifunza kuutawala uso wake, lakini mikono haijui kujificha.

Uhalisia si mambo ya Wazungu?

Rangi za mafuta kwenye turubai zilikuja na Wazungu, hilo ni kweli. Kumtazama mtu na kutengeneza mfano wake kulikuwapo kabla yao. Vichwa vya Ife, kule Nigeria, vya shaba na vya udongo, vina nyuso zilizotazamwa kwa makini sana, na vilitengenezwa kabla Wareno hawajafika pwani ile. Mjerumani Leo Frobenius alipofika huko 1910 alishindwa kuamini kwamba ni kazi ya Waafrika, akadai asili yake ni Atlantis, kisiwa cha hadithi za Wagiriki. Mtu anayeniambia leo kwamba uhalisia si wetu anarudia wazo la Frobenius bila kujua.

Hapa kwetu, Wahemba wa kaskazini ya Katanga walichonga sanamu za mababu wanaojulikana kwa majina, nyuso zimetulia, macho yameinamishwa. Wakuba wa Kasai walichonga wafalme wao, na mfalme hutambulikana kwa alama iliyo mbele yake: Shyaam amewekewa ubao wa mchezo wa bao. Pale sura haijaribu kufanana na mtu, alama ndiyo inayotaja jina. Mimi nimechagua sura, lakini alama nimeiazima kwao. Fundi cherehani wangu ana futi ya kupimia shingoni, na mwalimu ana vumbi la chaki kwenye mkono wa koti.

Lubumbashi yenyewe ilikwisha kuwa na mjadala huu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar, akawapa vijana rangi na kuwakataza kuiga Ulaya. Wakatoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake iliyoshonana, na Bela Sara aliyechora kwa vidole. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens akaanzisha akademia ya sanaa, na Desfossés alipofariki 1954 Hangar ikaingizwa humo. Kazi za wale watatu nazipenda sana. Nikizitazama narudi chumbani na nguvu mpya. Ila sikubali fikra kwamba Mkongomani akijifunza mifupa na vivuli amejipoteza. Mchoraji Mhispania Picasso alichukua kutoka vinyago vya Afrika, na hatukumtaka arudi kwanza kwa babu zake. Uhuru huo nautaka na mimi.

Rangi zako zinatoka wapi?

Nyingi huletwa na watu wanaosafiri. Na hapa kuna jambo linaloniuma. Bluu ya kobalti, ambayo mkemia Mfaransa Thénard aliitengeneza 1802, hutoka kwenye kobalti na alumini. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, karibu yote kwenye ukanda wetu huu wa shaba. Vijana wetu wanaingia ardhini kuitafuta. Halafu tyubu moja ndogo, ikirudi hapa, ni miongoni mwa rangi ghali kuliko zote kwenye sanduku langu. Nilipomchora yule kijana wa Kolwezi niliitumia mahali pamoja tu, kwenye mishipa ya mikono yake, na nikamweleza kwa nini. Akaniomba mama yake aje aione sehemu ile.

Malakiti je? Lile jiwe la kijani mnaloliona limekuwa mikufu na vibweta vya kuuzia wageni lilisagwa kuwa rangi tangu Misri ya kale. Nalisaga mara chache. Ukilisaga sana hupauka, kwa hiyo lazima uache chembe ziwe kubwa kidogo, na chembe kubwa ni ngumu kuzitandaza kwa brashi. Linafaa kitambaa, usoni haliendi.

Nyekundu na manjano ya udongo natengeneza mwenyewe, na hili jifunzeni, maana ni bure. Chukua udongo mwekundu, uanike, uponde, uchekeche. Utie kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri kidogo mchanga utue chini, kisha mimina yale maji ya matope kwenye ndoo nyingine. Rudia mpaka mchanga uishe. Acha matope yatulie usiku kucha, mwaga maji, anika. Unga unaobaki usage na mafuta ya kitani juu ya kioo. Ukitaka kubadilisha manjano iwe nyekundu, kaanga unga huo kwenye kikaango kikuukuu juu ya mbabula, jiko letu la makaa: chuma kilichomo hupoteza maji yake na rangi hugeuka mbele ya macho yako. Msichukue udongo wa karibu na bomba la moshi la kiwanda cha zamani. Shaba ilianza kuyeyushwa pale 1911, na ardhi ya upande ule imekunywa vumbi la risasi na madini mengine kwa miaka zaidi ya mia.

Kwa nini dirisha lako linatazama kusini? Vitabu vinasema kaskazini.

Vitabu hivyo viliandikwa Ulaya. Mchoraji anataka mwanga wa anga, usio na jua la moja kwa moja, ili kivuli kisitembee usoni wakati anafanya kazi. Huko kwao jua liko kusini, basi wanafungua kaskazini. Sisi tuko chini ya Ikweta, kwenye nyuzi kama 11 na nusu, na sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini. Ila angalieni: kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua huvuka juu ya vichwa vyetu na kuingia upande wa kusini. Bahati nzuri huo ni wakati wa mvua, mawingu hulipunguza makali, na siku ya jua kali natundika shuka jeupe dirishani.

Kiangazi kina taabu nyingine. Mwanga ni mzuri ajabu, lakini vumbi jekundu huingia kila mahali na kukaa juu ya rangi mbichi. Naweka turubai limeegemea ukuta, uso ndani, kila ninapomaliza.

Nitakaa muda gani, na nivae nini?

Kwa kawaida vikao vinne hadi saba, kila kimoja saa mbili hivi, na mapumziko kila baada ya dakika ishirini. Njoo saa ile ile kila mara, kwa sababu ya mwanga. Unaweza kuongea, napendelea uongee. Unaweza kusinzia pia, wazee wengi husinzia, na nimewahi kumchora mmoja hivyo hivyo kwa idhini yake. Vaa nguo unayoizoea mwilini. Akina mama wengi huja na nguo ya harusi iliyotoka kwa fundi juzi, wanakaa kama imeazimwa, na kikao cha pili huwa wanarudi na kikwembe chao cha siku zote bila mimi kusema. Nywele zibaki zilivyo mpaka tumalize: ukisuka upya katikati ya kazi, kichwa hubadilika umbo.

Watu husema sura yako ikichorwa unaweza kurogwa kwayo. Ni kweli?

Sicheki swali hili, limeletwa kwangu na watu ninaowaheshimu. Ninachofanya ni kuondoa siri. Anayekaa huona kazi mwisho wa kila kikao. Turubai halitoki chumbani bila yeye kujua linakokwenda, na michoro ya makaa niliyojaribia nampa aende nayo, au tunaichoma pamoja akitaka. Kama mchungaji wako ana wasiwasi, mlete akae nasi. Wengine wamekuja, na mmoja akabaki kuchorwa.

Kuwa mwanamke katika kazi hii kunasumbua?

Kunasumbua kwenye mambo madogo ya kila siku: mteja anauliza mchoraji mwenyewe yuko wapi. Lakini mwanamke hakuja jana katika kazi hii. Mwaka 1926, huko Bukama, ofisa Mbelgiji Georges Thiry alikutana na Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, akampa karatasi na rangi za maji. Mke wake Antoinette alichora pia, na kazi zake zimehifadhiwa pamoja na za mumewe. Nawataka wasichana wa shule wamjue Antoinette Lubaki kabla hawajamjua mchoraji yeyote wa Paris.

Nataka kuanza. Ninunue nini?

Kwanza usinunue chochote. Chora kwa makaa ya mbabula kwenye karatasi ya kufungia bidhaa, mchore mtu mmoja wa nyumbani mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Baadaye rangi tano zinakufikisha mbali: nyeupe ya titani, okra ya manjano, sieni ya kuchomwa, nyekundu moja kali, ultramarini. Msweden Anders Zorn alifanya sehemu kubwa ya kazi zake maarufu kwa rangi nne tu. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litapasuka. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike pembeni, maana mafuta yale yakikauka hutoa joto na vitambaa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje, au vitie kwenye kopo la maji.

Kisha nenda ukatazame kazi za wengine. Makumbusho ya Taifa yapo hapa mjini, ukumbi wa Halle de l'Étoile hufanya maonyesho, na Biennale, maonyesho ya kila miaka miwili yaliyozaliwa kutokana na mikutano ya 2008 ya kituo cha sanaa kiitwacho Picha, huleta wasanii wa hapa na wa mbali. Jumamosi asubuhi napokea vijana wachache. Waje na michoro yao, hata iliyoharibika.

Bei yako?

Inategemea ukubwa, na kama mikono imo. Nusu kabla ya kuanza, nusu ukichukua. Wenye kipato kidogo tunazungumza, na watu niliowaomba mimi mwenyewe wakae siwatozi. Nawalipa siku yao ya kazi.

Nikifika nyumbani niitunze vipi?

Mbali na jiko na mbabula, kwa sababu moshi huingia kwenye rangi. Mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu, usitumie maji wala sabuni. Mafuta ya kitani hukauka polepole, kwa kushika hewa, hivyo nirudishie picha baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja nipake vanishi. Kazi hiyo ni bure, imo ndani ya bei.